Wanasema Ungoje

Dagaa sili. Wakwe zangu wanajua, wajukuu wanajua, hata mama wa genge hapa Katandala anajua, akinifungia mboga haniulizi. Wengi wanadhani nikila nawashwa mwili, nami nimewaacha wadhani hivyo, maana ni rahisi kumwambia mtu unawashwa kuliko kumweleza habari ya mtoto aliyewekwa kwenye tenga. Sasa nimezeeka. Wenzangu niliocheza nao wengi wameshatangulia, na naona nikiondoka na jambo hili kifuani litakuwa halikupata mtu wa kulijua. Kwa hiyo nalisema. Mtanivumilia. Shule niliishia darasa la pili, na nikianza kusimulia nakuwa kama mbuzi aliyekata kamba, kila penye jani nasimama.

Lilinirudia hospitali. Nilikwenda kupima presha. Nimeambiwa nirudi kila mwezi, na kila mwezi narudi, lakini niseme ukweli: dawa zao sizipendi, ninachopenda ni benchi. Nyumbani mchana hakuna mtu, mwanangu yuko kazini, watoto shule, nabaki mimi na redio. Kwenye benchi la hospitali hukosi wa kusema naye. Siku hiyo benchi lilijaa, maana walikuwa wamekuja madaktari wa moyo, wageni, wa kukaa siku chache tu, na watu walikuwa wametoka mbali, mpaka Kirando kule ziwani. Mmoja wao alikuwa amesukumia kifurushi cha dagaa chini ya benchi, na harufu ikawa inanipanda puani. Nikawa nafikiria kuhama. Ndipo akatokea mtoto wa kike, umri wa kuanza shule, sweta la njano, akatembea hatua kama kumi kutoka mlangoni, akachuchumaa mbele yangu.

Nami kwa mazoea nikamjibu. Nikakutanisha viganja, nikapiga makofi yale ya taratibu, nikasema, "Marahaba, mama, marahaba," hata kabla hajasema lolote. Nilifurahi kweli. Watoto wa mjini husalimia wakipita, shikamoo yao inakufikia wao wameshakata kona.

"Simama wewe!" Mama yake akamvuta mkono. "Unafagia sakafu na gauni. Samahani, bibi. Ana tabia ya kuchuchumaa ovyo, hata sokoni, hata katikati ya barabara. Nimemchapa, haachi."

"Usimchape. Anasalimia."

"Hasalimii, bibi. Anachuchumaa tu."

Mtoto akainua uso. Midomo yake ilikuwa rangi ya zambarau. Na vidole alivyoshikia magoti vilikuwa vimevimba nchani, kucha zimejikunja kama migongo ya vijiko. Vidole vya namna ile niliwahi kuvishika. Si vya mtoto huyu. Ni vya mdogo wangu, na tangu nivishike imepita miaka ambayo sina vidole vya kutosha kuihesabu.

Aliitwa Skolastika, sisi tukamwita Skola. Tulikuwa wawili tu kwa mama. Baba alikwenda kwenye mashamba ya mkonge kabla Skola hajaanza kutembea, akatuma blanketi moja na salamu mara mbili, kisha akanyamaza. Nilipokuwa mtu mzima niliambiwa alioa hukohuko. Sikumtafuta. Kijiji chetu kilikuwa juu kabisa ya nchi ya Ufipa, kule ambako ukisimama unaona nyasi mpaka mbingu, na upepo hauna wa kuuzuia. Mwezi wa sita na wa saba baridi yake mnaijua, midomo ya kila mtu inapasuka na kugeuka rangi. Ndiyo maana hakuna aliyeshangaa midomo ya Skola. "Mtoto ana baridi," walisema, na mama akamvalisha sweta juu ya sweta. Jua likiwaka walisema amekula zambarau. Kuna siku mama alimchapa kwa ajili ya zambarau wakati ambapo miti yote ilikuwa bado ina maua.

Sasa nisimame hapa kidogo niseme habari ya salamu, maana vijana wanaweza kudhani nawatania. Kwetu, mtoto akikutana na mkubwa njiani hapiti tu. Anatoka njiani, anachuchumaa pembeni, anapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa ili sauti iwe nzito isiwe ya shangwe. Mkubwa naye anajibu kwa makofi yake, anaulizia nyumbani, anapita. Hapo ndipo mtoto anainuka. Mtoto aliyechelewa kuchuchumaa jina lake lilifika nyumbani kabla yake, na fimbo ikawa inamngoja.

Skola hakuchelewa hata siku moja. Mtu akiwa bado mbali, yeye ameshachuchumaa. Mtu akishapita, yeye bado amechuchumaa, kichwa ameinamisha, hata mzee akigeuka nyuma anamwona yuko palepale. Wazee wakafurahi mpaka wakazidisha.

"Huyu mtoto," jirani yetu mzee mmoja mwenye kifua cha ugoro alimwambia mama, "ulimzaa wewe au ulimwokota kwa watemi?"

"Nilimzaa mwenyewe, baba."

"Na huyu mwingine?" Akanielekezea bakora yake. "Huyu ulimwokota kwa nyani?"

Watu wakacheka, mama naye akacheka. Skola akapewa karanga. Mimi sikupewa. Nilikuwa mkubwa kwake kwa miaka mitatu, mimi ndiye nilichota maji, mimi nilisaga ulezi, yeye hata mtungi mdogo hakuweza kuupandisha mlimani, na karanga akapewa yeye kwa kuchuchumaa. Nikaamua nitamshinda. Nikawa nachuchumaa kwa kila kitu kinachosogea, mpaka asubuhi moja kwenye ukungu nikampigia makofi ng'ombe wa watu, tena nikamwuliza habari za nyumbani. Mchungaji wake alikuwa nyuma. Habari hiyo ilikaa kijijini mwaka mzima.

Ulipofika wakati wa mafundisho ya Komunyo, mama alituandikisha wote wawili, Skola akiwa bado mdogo, kwa kuwa katekista mwenyewe alisema mtoto mwenye adabu kama ile hakuna haja ya kumngojea umri. Kigango, kanisa letu dogo, kilikuwa ng'ambo ya kilima. Kila asubuhi ya mafundisho nilitakiwa nimpeleke. Njia yetu ilipita katikati ya mashamba, na mashamba ya Wafipa hayafanani na ya watu wengine. Tunafukia majani ndani ya udongo, tunainua vichuguu vya duara, ntumba tunaviita, na shamba zima linakuwa vichuguu vitupu. Ukisimama mlimani unaona kama umati wa watu wamechuchumaa wanasalimiana.

Siku ile ya kwanza tulikuwa sisi wawili tu. Mbele hakuna mtu, nyuma hakuna mtu, upepo unavuma. Tulipofika nusu ya kilima Skola akatoka njiani, akachuchumaa.

Nikaangalia huku na huku. "Unamsalimia nani?"

Macho alikuwa ameyakaza mbele, mdomo wazi, kifua kinapanda na kushuka. Akainua kidole kimoja, hivi, kama mtu anayekwambia nyamaza kuna watu wanasema.

Jamani, nilihisi nywele zinanisimama. Bibi yetu mzaa mama alikuwa ametuambia kwamba wafu wa kijiji hawaachi njia zao, wanazipita kama zamani, na mtoto mwenye adabu akiusikia upepo wao huwapisha. Mimi nilikuwa sijawahi kuona kitu. Sasa mdogo wangu, yule ambaye wazee walisema ameokotwa kwa watemi, anawaona. Kwa nini asiwaone? Nani mwenye adabu kuliko yeye? Nikachuchumaa kando yake upesi, nikapiga makofi.

Alipotulia nikanong'ona, "Wameshapita?"

"Nani?"

"Hao unaowasalimia."

Skola hakuwa mjinga. Alinitazama, akaitazama njia iliyobaki kupanda, akanitazama tena. "Bado," akasema. "Wanasema ungoje."

Nikangoja. Na kuanzia siku hiyo nikawa nangoja kila aliponiambia. Kwenye kilima kile tulisimama mara nne, mara tano. Mwanzoni niliogopa, halafu nikazoea, halafu nikawa naulizia.

"Leo ni nani?"

"Babu."

"Anasemaje?"

"Anauliza mbuzi amezaa?"

"Mwambie mapacha. Mmoja kafa."

"Ameshasikia. Wewe unasema kwa sauti kubwa."

Tulikaa pale katikati ya vichuguu, mabega yamegusana kwa baridi, yeye anapumua, mimi nawapelekea wafu habari za kijiji. Nikikumbuka utoto wangu, na ninaukumbuka sana siku hizi kuliko nilivyoukumbuka nikiwa na nguvu, sioni mahali pengine nilipowahi kuwa na mwenzangu namna ile. Nimeolewa, nimezaa saba, nimezika mume. Lakini namna ile, hapana.

Nikaharibu mwenyewe kwa mdomo. Nilikuwa na rafiki, Felista, binti aliyejua nyimbo zote na aliyekuwa na viatu. Siku moja, ili anione mtu, nikamwambia kwamba mdogo wangu anaongea na wafu. Ilipofika jioni watoto wote walijua. Tangu hapo Skola akikaa darasani kwenye gogo, gogo linabaki la kwake peke yake. Akikohoa, wanakimbia. Na Felista akanivuta pembeni akaniambia kama mtu anayekutakia mema, "Ukiendelea kutembea naye, wale wafu watakuzoea na wewe. Halafu watakuita."

Tena tulikuwa tunachelewa. Katekista alisema nikichelewa mara nyingine sitapokea na wenzangu, nitangoja mwaka ujao. Basi nikaanza kwenda na akina Felista. Skola akawa anakuja nyuma peke yake. Nikigeuka namwona, kijitu chenye sweta mbili kwenye njia tupu, kinatembea, kinafupika, kinakaa, kinarefuka, kinatembea tena. Alipokuwa amechuchumaa mbali sana sikuweza kujua yeye ni yupi na kichuguu ni kipi. Hakuniita hata mara moja. Labda hakuwa na pumzi ya kuita. Hilo nalifikiria leo. Wakati ule nilifikiri anao wenzake wa kutosha.

Asubuhi moja akina Felista walisimama mlimani makusudi wamtazame. Alipochuchumaa wakapiga makofi ya kejeli, "Haya, salimia! Tuombee ulezi kwa babu yako!" Wakanicheka na mimi, dada wa mwenye wafu. Aibu ikanipanda. Nikashuka mbio mpaka alipo.

"Inuka!"

Akainua kidole.

"Hakuna mtu hapa! Mwongo! Inuka!"

"Niache... nikae..."

Nikamshika makwapani nikamnyanyua, nikamsimamisha wima kwa nguvu, nimemkumbatia kutoka nyuma ili wote waone kwamba njia ni tupu. Miguu yake ilikuwa inatafuta kujikunja, mimi nainyoosha. Nilimshikilia vile mpaka nikasikia amekuwa mzito. Nilipomgeuza, uso ulikuwa umekuwa mweusi wa bluu, macho yameingia ndani. Akina Felista wakatawanyika kama vifaranga. Nikabaki mimi na upepo.

Aliyetukuta ni muuza dagaa kutoka Kirando, akisukuma baiskeli kupanda kilima, tenga limefungwa nyuma.

"Mmemfanya nini mtoto?"

"Anaongea na wafu, mjomba."

"Wafu gani, we mtoto, asubuhi yote hii! Shika baiskeli."

Akamwinua Skola, akamweka ndani ya tenga juu ya dagaa. Tenga lilikuwa dogo, ikabidi amkunje, magoti yakafika kidevuni, kama kuku anayepelekwa mnadani. Tukaenda hivyo, yeye anasukuma, mimi nashikilia kichwa cha mdogo wangu. Hatukufika hata mtoni, nikaona rangi inarudi. Akafungua macho.

"Nani ananuka?" akauliza.

Yule mjomba akacheka mpaka baiskeli ikayumba. "Mimi, mama. Na sasa na wewe."

Kijijini wakakaa wazee wakapima jambo, wakaona kilichomwinua ni harufu ya dagaa. Mngelaumu lipi hapo? Mtoto alizimia, akawekwa kwenye dagaa, akazinduka. Mama akashona kifuko, akajaza dagaa, akamfunga Skola shingoni, na majirani wakaja kuomba kidogo kwa ajili ya watu wao wa kifafa. Hakuna aliyeangalia magoti. Mimi niliyekuwa nimeyanyoosha magoti yale kwa mikono yangu, hata mimi sikuyaangalia.

Mafundisho akaachishwa. Akawa anashinda kizingitini na kile kifuko, ananuka, na paka wa kijiji kizima wakawa marafiki zake. Ndio waliobaki. Nikirudi namkuta amechuchumaa na paka watatu wanne wamemzunguka, ananiuliza leo mmefundishwa nini, nami namjibu kwa mkato, niko mbioni kwenda kwa Felista. Mara moja aliniuliza, "Ukipanda kilima siku hizi, unasimama?"

"Nisimame kwa nini?"

Akamvuta paka mmoja karibu.

Siku ya Komunyo mama alinivalisha gauni jeupe la kuazima na tukamwacha Skola na bibi, ambaye masikio yake yalikuwa yameshafunga. Alilia kidogo alipotaka kuja. Nikasema mimi, si mama, niseme ukweli, mimi ndiye nilisema, "Utanuka kanisani."

Baada ya misa tulirudi kwa maandamano, wazee mbele wakiimba, halafu sisi watoto weupe, nyuma kabisa akina mama na vyungu vya chakula. Tulipofika kwenye ule mteremko wa vichuguu nikaona wazee wa mbele wanapunguza mwendo mmoja mmoja, wanapiga makofi wakielekea pembeni ya njia, wanapita. Nikasikia yule mzee wa ugoro anasema, "Tazama, amekuja kutupokea. Mtoto wa namna hii hapatikani." Wakapita wote. Kila mmoja alimjibu kwa adabu na kila mmoja akapita.

Alikuwa amechuchumaa ameegemea kichuguu. Alikuwa ametembea mwenyewe kutoka nyumbani mpaka pale, sijui kwa muda gani. Kifuko kilikuwa shingoni. Felista akanigusa kiwiko. "Huyo wako."

Skola aliniona. Akainua kidole.

Nikaangalia pindo la gauni langu, kama lina tope. Nikapita.

Hatua chache mbele niligeuka, nikaona vichuguu vitupu na sikujua yeye ni yupi. Kisha nikasikia sauti ya mama huko nyuma, sauti ya kawaida kabisa, ya kubembeleza, "Inuka, mwanangu, watu wameshapita wote." Ikanyamaza. Ikarudia mara ya pili, na hiyo ya pili haikuwa sauti ya kawaida.

Msibani walipika dagaa. Hiyo ndiyo habari ya dagaa. Watu walisema amekufa akisalimia, wakalisema kama sifa, na mama aliishi kwa sifa hiyo mpaka alipozikwa naye. Mimi habari ya kidole sikumwambia mtu, wala mama, wala padri kwenye kitubio. Na kuna baya zaidi. Nilipokua, akili ya wafu wa njiani ikanitoka, nikajua kwamba pale kilimani hapakuwa na mtu. Nikaona basi Skola alikuwa mvivu wa kutembea, akanidanganya. Miaka mingi nilimlilia mdogo wangu huku nimemkasirikia kwa uongo wake. Vyote viwili kwa pamoja. Ni mzigo wa ajabu, hauna mahali pa kuushikia.

Turudi kwenye benchi.

Yule mtoto wa sweta la njano aliingizwa ndani, wakamfunga mipira ya kupimia mkononi na kifundoni. Nilimwona kwa mlango uliokuwa wazi. Daktari, kijana mdogo tu, akatoka kusema na mama yake palepale kwenye benchi, maana chumba hakikuwa na nafasi.

"Mama, moyo wake una tundu, na njia ya damu kwenda mapafuni ni nyembamba. Damu nyingine inarudi mwilini bila kupata hewa. Ndiyo hiyo rangi ya midomo. Je, huwa anachuchumaa?"

Yule mama akanitazama mimi, kisha daktari. "Kila mahali. Nilidhani ukaidi."

"Siyo ukaidi. Akikunja magoti, mishipa ya miguuni inabanwa, damu inakosa pa kukimbilia chini, inasukumwa kwenda mapafuni. Hakufundishwa na mtu. Mwili wake umejifundisha. Akichuchumaa usimnyanyue. Mwache mpaka ainuke mwenyewe."

"Nilikuwa namchapa," mama yake akasema. Akasema tena, "Nilikuwa namchapa."

Daktari akaeleza jambo la pili, kwamba mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, kwa mtoto, unatakiwa uvutike kama mpira wa manati, moyo ukisukuma unatanuka kisha unarudi. Wa huyu umeanza kukakamaa. Ndiyo maana mapigo yake yanakimbia upesi kutoka mkono hadi mguu, na moyo unachoka. "Ni mgumu kama wa..." Akatafuta mfano, macho yake yakaniangukia. "Kama wa bibi huyu."

Benchi zima likacheka, nami nikacheka nao. "Basi mimi na yeye ni rika moja," nikasema. Akasema hawajachelewa, atawaandikia barua waende kupasuliwa kwenye hospitali kubwa, na yule mama akawa anaitikia kwa kichwa, anaitikia, machozi yanamwangukia mikononi.

Mimi nilikuwa bado niko kwenye yale maneno. Mwache mpaka ainuke mwenyewe. Ni maneno machache. Hata mtoto wa miaka kumi angeweza kuyafuata. Kumbe Skola hakuwa na jina la kile kitu, hakuwa na daktari, hakuwa na mtu mzima wa kumsikiliza, alikuwa na dada mwoga anayeamini wafu. Akaangalia alicho nacho, akakitumia. Wanasema ungoje. Hakukuwa na wengine waliosema. Alikuwa ni yeye.

Mtoto akatoka ndani. Alitembea hatua zake zilezile kumi akachuchumaa katikati ya ukumbi. Mkono wa mama yake ukaenda kumvuta, ukasimama hewani. Watu wakawa wanampita kushoto na kulia, manesi, machela, mtu na chupa ya mkojo, yeye peke yake pale chini na sweta lake.

Nikashuka kwenye benchi. Magoti yangu yalilia mpaka nesi akageuka. "Bibi! Bibi, utaanguka!" Sikuanguka. Nilichuchumaa mbele yake, uso kwa uso, nimeshikilia mguu wa benchi, kile kifurushi cha dagaa karibu kabisa na pua yangu. Pumzi ikanikatika. Presha ile, na umri.

Mtoto alinitazama kwa makini. Akaangalia nyuma yake, akaangalia pembeni, hakuona mtu.

"Bibi," akaniuliza, "unamsalimia nani?"

Nikainua kidole kimoja.

Akakitazama. Akasogea karibu, bega lake likagusa bega langu, akangoja.